Usione Vyaelea: Matayarisho ya Sakafu ya Gereji kwa Rangi ya Epoksi

Utangulizi

Katika mitaa mingi ya Nairobi, Nakuru, Eldoret na Mombasa, nyumba nyingi hujengwa zikiwa na gereji, na baadhi ya wenye nyumba hawaridhiki tena na sakafu ya kijivu isiyopakwa kitu. Hutamani sakafu inayong'aa, isiyonywa mafuta ya injini wala kutoa vumbi kila inapofagiliwa. Rangi inayosifika kwa kazi hiyo ni epoksi. Bei yake ni ya juu ikilinganishwa na ya rangi za kawaida. Kwa hiyo inapotokea kwamba rangi imefanya malengelenge, au imebanduka chini ya magurudumu kabla ya mwaka kuisha, hasara huwa kubwa na lawama huwa nyingi. Mwenye nyumba humlaumu muuzaji kwa kumuuzia rangi bandia. Muuzaji naye humlaumu fundi kwa kutojua kazi.

Aghalabu kosa huwa limekwisha kutendeka kabla ya mkebe wa rangi kufunguliwa. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Mng'aro unaoonekana juu ya sakafu iliyopakwa vizuri ni matokeo ya kazi iliyofanywa chini yake, kazi ambayo ikikamilika haionekani tena na kwa hivyo ni rahisi kuirukia.

Makala haya yanadhamiria kueleza namna sakafu ya zege ya gereji inavyochunguzwa, inavyosafishwa na inavyoparuzwa kabla ya kupakwa epoksi, pamoja na sababu za kila hatua. Hoja yake kuu ni kwamba epoksi haiwezi kuwa imara kuliko ngozi ya sakafu inayoishika. Ngozi hiyo ikiwa dhaifu, ikiwa na mafuta au ikiwa na maji, rangi iliyo bora kabisa itabanduka nayo. Aidha, makala yanagusia suala la usalama wa fundi, kwa kuwa kazi hii ina vumbi na kemikali zinazoweza kumdhuru mtu asiyeelezwa madhara yake kwa lugha anayoielewa.

Sakafu, Niru na Zege

Neno sakafu lina asili ya Kiarabu, ambako mzizi wake unahusu paa au dari. Uhusiano huo si wa ajabu kwa anayezifahamu nyumba za mawe za mwambao. Katika nyumba hizo, boriti za mikoko zilipangwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake zikalazwa bamba za mawe ya matumbawe, kisha pakamwagwa mchanganyiko wa chokaa na kokoto, ukashindiliwa kwa vipande vya mbao mpaka ukashikamana. Tabaka hilo moja lilikuwa dari kwa aliye chini na sakafu kwa aliye juu. Kutokana na nomino hiyo lugha ikapata kitenzi sakifu, yaani kutengeneza sakafu. Mji Mkongwe wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2001, bado una mifano ya kazi hiyo.

Saruji ya kisasa ni mgeni ukilinganisha. Joseph Aspdin alipewa hataza ya saruji aina ya Portland nchini Uingereza mwaka wa 1824, na nchini Kenya kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza kuzalisha saruji mwaka wa 1954. Hata hivyo, ufundi wa kale uliacha neno moja ambalo lina umuhimu wa pekee katika mada hii, nalo ni niru. Kwa asili niru ni chokaa laini ya kusiliba na kulainisha kuta. Mafundi wa Kenya wameliendeleza neno hilo: kwao, kupiga niru ni kunyunyiza saruji kavu au uji wa saruji juu ya sakafu mbichi na kuisugua kwa mwiko wa chuma hadi ing'ae. Wengine huichanganya na rangi nyekundu ya unga, kisha sakafu ikishakauka huipaka nta.

Sakafu ya niru hupendeza macho na huoshwa kwa urahisi. Kwa epoksi, hata hivyo, ni kikwazo. Ngozi yake ni nyembamba, ni laini kama kioo, na mara nyingi haikushikana barabara na zege lililo chini. Hata pale ambapo niru haikupigwa, zege lililotiwa maji mengi huzalisha ngozi ya aina hiyo lenyewe. Mfuko wa saruji wa kilo 50 huhitaji takriban lita 12 za maji ili kukamilisha mabadiliko yake ya kikemia, lakini fundi hulazimika kutia lita 25 hivi au zaidi ili mchanganyiko usogee vizuri. Maji ya ziada hupanda juu yakibeba chembe laini za saruji na mchanga, na chembe hizo hukaukia juu kama utando dhaifu wa unga. Maji hayo yanapotoweka hewani huacha pia vitundu vidogo visivyohesabika ndani ya zege. Kwa hiyo zege, ingawa huonekana kama jiwe, hunywa maji na mafuta kwa namna ambayo sponji hufanya, japo polepole.

Epoksi na Jinsi Inavyoshika

Rangi nyingi za kawaida hukauka kwa kupoteza maji au kiyeyushi chake hewani. Epoksi hutenda tofauti. Huuzwa ikiwa katika mikebe miwili: mmoja una resini na wa pili una kigumishi, yaani kemikali inayoifanya resini igande. Vinapochanganywa kwa kipimo alichoweka mtengenezaji, molekuli zake hufungamana na kuwa wavu mmoja usioyeyuka tena. Utafiti uliozaa resini hizi ulifanywa katika miaka ya 1930 na 1940, na wanaotajwa sana ni Pierre Castan wa Uswisi na Sylvan Greenlee wa Marekani.

Sababu ya kuichagua epoksi badala ya rangi ya mafuta inatokana na tabia ya zege lenyewe. Zege ni alkali kali; likiwa bichi, kipimo chake cha pH hufika 12 au 13. Rangi ya mafuta ikipakwa juu yake na unyevu ukiwapo, alkali huyageuza mafuta ya rangi kuwa sabuni, kwa njia ileile ambayo sabuni ya kipande hupikwa kwa mafuta na soda kali. Rangi hiyo hulainika na kubambuka. Epoksi huistahimili alkali, na ndiyo maana inafaa zaidi.

Uwezo huo, hata hivyo, hauondoi haja ya matayarisho. Epoksi hujishikiza kwa kuingia katika vitundu vya zege na kung'ang'ania mikwaruzo iliyo juu yake, mithili ya mizizi inavyoshika udongo. Ikikuta vitundu vimejaa mafuta au nta, haina pa kuingilia. Ikikuta unga, hushika unga na si zege. Tabaka mbili za rangi hii zinazopakwa kwa rola kwa kawaida hazifiki nusu milimita kwa unene, na utando mwembamba kiasi hicho hauwezi kuficha wala kushinda kasoro iliyo chini yake. Gari nalo huzidisha mtihani: magurudumu yaliyopata joto barabarani hugandamana na rangi yanapopoa usiku, na linapoondolewa asubuhi huvuta kila kipande ambacho hakikushika vyema.

Uchunguzi wa Sakafu

Hatua ya kwanza, basi, ni kuichunguza sakafu. Uchunguzi wa msingi hauhitaji vifaa vya gharama, ila subira na macho makini.

Jambo la kwanza kuulizwa ni umri wa zege. Desturi ya wahandisi ni kulipa zege siku 28 ili lifikie nguvu iliyokusudiwa, na sakafu mpya haipakwi kabla ya muda huo. Lakini kuwa na nguvu si sawa na kuwa kavu. Kanuni ya kukadiria inayotumiwa na wengi ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, pakiwa na hewa kavu. Kwa kanuni hiyo, sakafu ya milimita 100 huhitaji kama miezi minne, na msimu wa mvua huongeza muda huo.

La pili ni uimara. Fundi huzunguka sakafu nzima akiigonga kwa nyundo ndogo. Mahali palipo imara hutoa sauti kali na fupi. Mahali ambapo tabaka la juu limeachana na zege hutoa sauti ya utupu, kama ya debe. Kisha hukwaruza sehemu kadhaa kwa msumari au kisu. Iwapo unga mwingi unatoka, au ngozi inabanduka kwa vipande, sehemu hiyo lazima iondolewe, hata kama ni niru iliyosifiwa na kila mgeni.

La tatu ni mafuta na nta. Matone ya maji hudondoshwa mahali mbalimbali, hasa pale injini husimama juu yake. Maji yakinywewa na sakafu kwa muda wa dakika moja hivi na kuacha doa jeusi, vitundu viko wazi. Yakibaki juu kama shanga, kuna kitu kinachoyazuia: mafuta, nta au dawa ya kuzibia zege iliyopakwa hapo awali.

La nne, na ambalo hupuuzwa kuliko yote, ni unyevu unaotoka ardhini. Chini ya sakafu iliyojengwa ipasavyo kuna mawe yaliyoshindiliwa, tabaka jembamba la vumbi la mawe la kusawazisha, kisha karatasi nene ya polithini, na juu yake wavu wa vyuma na zege. Polithini hiyo ndiyo inayozuia maji ya ardhini yasipande. Katika gereji iliyojengwa baadaye kando ya nyumba, au ile iliyojengwa kwa kubana matumizi, polithini hukosekana mara nyingi. Tatizo hilo huwa kubwa zaidi penye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule unaopatikana katika sehemu za mashariki ya Nairobi, ambao hushika maji kwa muda mrefu baada ya mvua kukatika.

Kuna jaribio rahisi lililowekwa na ASTM, jumuiya ya viwango ya Marekani. Kipande cha plastiki angavu kisichopenya maji, chenye upana na urefu wa sentimita 45, hubandikwa sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne bila kuacha upenyo. Huachwa kwa saa zisizopungua 16, kisha hufunuliwa. Matone ya maji chini ya plastiki, au zege lililogeuka jeusi kuliko sehemu za jirani, ni dalili kwamba mvuke unapanda. Ni vyema jaribio lirudiwe katika sehemu kadhaa, ikiwemo karibu na ukuta. Ifahamike pia kwamba plastiki hueleza hali ya siku hiyo tu: sakafu iliyopasi Februari huenda ikafeli Mei. Kwa kazi kubwa, wataalamu hutoboa zege na kutumbukiza kipima unyevu hadi asilimia 40 ya kina chake, na kulinganisha matokeo na kiwango kilichoruhusiwa na mtengenezaji wa rangi.

Unyevu ukigunduliwa, haufutwi kwa tambara. Chanzo chake ndicho hutafutwa. Kama zege ni changa, dawa ni kungoja. Kama maji ya paa yanamwagika kando ya ukuta, mifereji hurekebishwa. Kama hakuna polithini, kuna epoksi za tabaka la kwanza zilizotengenezwa mahususi kuzuia mvuke, lakini ni ghali na zina mipaka yake. Wakati mwingine ushauri wa haki ni kutoipaka sakafu hiyo epoksi kabisa, bali kuitia dawa ya kuimarisha zege inayoruhusu mvuke kupita. Fundi anayemwambia mwenye nyumba ukweli huo hupoteza kazi ya siku mbili, ila huhifadhi jina lake.

Kuondoa Mafuta

Mafuta huondolewa kabla ya sakafu kuparuzwa wala kutiwa asidi. Mpangilio huu ni wa lazima. Asidi haiyeyushi mafuta. Hupita juu yake bila kuligusa zege. Mashine nayo, ikianza kusaga penye mafuta, huyasambaza na kuyasukuma ndani zaidi.

Mafuta mabichi hufunikwa kwa vumbi la mbao au mchanga mkavu ili yafyonzwe, kisha hufagiliwa. Grisi iliyogandamana huparurwa kwa kisu kipana. Baada ya hapo hutumika sabuni kali ya alkali iliyotengenezwa kwa kazi ya kuondoa grisi, pamoja na maji ya moto na brashi ya nyuzi ngumu. Sabuni huachwa kwa dakika kadhaa bila kukauka, husuguliwa, kisha maji machafu huondolewa kabisa badala ya kusukumwa kutoka kona moja hadi nyingine. Sakafu husuuzwa kwa maji safi mara mbili au tatu, kwa kuwa mabaki ya sabuni huzuia epoksi sawasawa na mafuta yenyewe.

Petroli na mafuta ya taa hayafai kwa usafishaji huu, ingawa hutumiwa na wengi. Huyeyusha grisi na kuishusha ndani ya vitundu, na mvuke wake unaweza kulipuka ndani ya gereji iliyofungwa. Baada ya sakafu kukauka, jaribio la matone ya maji hurudiwa. Mahali ambapo mafuta ya miaka mingi yamezama kiasi cha kutotoka, zege la sehemu hiyo hukatwa kwa patasi na kujazwa upya.

Kuparuza: Asidi au Mashine

Lengo la kuparuza ni mawili: kuondoa ngozi dhaifu na kuacha uso mkwaruzo ambao epoksi itaung'ang'ania. Kwa rangi nyembamba ya gereji, sakafu iliyo tayari huhisika kwa kiganja kama msasa. Ikiwa bado inateleza kama sahani, haijawa tayari. Ikiwa na makorongo, imepita kiasi, na rangi nyingi itapotea katika kuyajaza.

Njia ya kwanza ni asidi, hasa ile ya haidrokloriki ambayo mafundi wa vigae huitumia kuondolea mabaki ya saruji. Faida yake ni bei nafuu na kutohitaji mashine. Sakafu hulowanishwa kwanza ili asidi isinywewe yote. Asidi humiminwa ndani ya maji katika ndoo ya plastiki. Kamwe maji hayamiminwi ndani ya asidi, kwani mchanganyiko huweza kuchemka na kuruka usoni. Kipimo hufuata maelezo ya mtengenezaji. Asidi inapogusa zege hutoa mapovu. Pasipo mapovu pana mafuta, nta au dawa ya kuzibia. Mapovu yakitulia, sakafu husuguliwa, asidi iliyobaki huvunjwa nguvu kwa maji yaliyotiwa soda ya kuumulia mandazi, kisha husuuzwa mara nyingi. Karatasi ya litmasi huthibitisha kwamba asidi imekwisha.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba huingiza maji mengi katika sakafu iliyokuwa ikikaushwa, huacha chumvi ikiwa haikusuuzwa vyema, na hushindwa kuondoa niru nene. Mvuke wake pia huozesha chuma: spana, baiskeli na milango iliyo karibu hupata kutu kwa muda mfupi. Ni mwiko asidi hii kukutana na dawa ya klorini inayotumiwa kung'arisha nguo nyeupe, kwa maana hewa inayotokea ni sumu.

Njia ya pili ni mashine ya kusaga yenye kikombe au sahani ya meno ya almasi. Kwa gereji ndogo, grainda ya mkono yenye kifuniko kilichounganishwa na mashine ya kufyonza vumbi hutosha, hasa pembeni mwa kuta. Kwa eneo kubwa hutumika mashine ya kusukumwa. Viwanda hutumia pia mashine inayoipiga sakafu kwa punje ndogo za chuma na kuzifyonza tena. Njia hii huondoa niru, utando wa unga na rangi kuukuu kwa pamoja, na huiacha sakafu ikiwa kavu. Kwa sakafu nyingi za Kenya ambazo zimepigwa niru, mashine ndiyo chaguo la kwanza, na gharama ya kuikodisha kwa siku moja ni ndogo ukilinganisha na gharama ya kuibandua rangi yote na kuanza upya.

Nyufa na Viungo

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hutolewa mara nyingi kama fumbo, lakini katika kazi ya sakafu maana yake ni ya wazi. Ufa uliofichwa chini ya rangi hujitokeza tena juu ya rangi.

Kuparuza hufichua nyufa ambazo awali zilifunikwa na niru, na kwa hiyo kuziba hufuata baadaye. Fundi huanza kwa kutofautisha ufa uliotulia na ufa unaotembea. Ufa uliotulia, uliotokana na zege kunywea lilipokauka, hupanuliwa kwa grainda ili uwe na umbo la mfereji, husafishwa vumbi, kisha hujazwa epoksi nzito au epoksi iliyochanganywa na mchanga mkavu. Ikishaganda husagwa hadi ilingane na sakafu. Ufa unaotembea, ambao upande mmoja umeshuka kuliko mwingine au unaopanuka na kupungua kwa misimu, ni dalili ya udongo kusogea. Huo ni tatizo la msingi wa jengo, na rangi si dawa yake.

Viungo vilivyokatwa kwa makusudi katika zege, ili lipasuke mahali palipochaguliwa, havizibwi kwa epoksi ngumu. Hujazwa kitu kinachonyumbuka kama mpira, ili zege liendelee kujinyoosha na kujikunja kwa joto na baridi bila kuipasua rangi.

Vumbi, Umande na Saa ya Kupaka

Baada ya kuparuza na kuziba, vumbi ndilo adui wa mwisho. Kufagia hakutoshi, maana ufagio hurusha vumbi na kulirudisha baada ya saa moja. Sakafu hufyonzwa kwa mashine mara mbili, mara ya pili kwa mwelekeo unaokatisha ule wa kwanza. Kipimo chake ni kiganja au kitambaa cheusi: kikipitishwa sakafuni kisitoke na weupe.

Hali ya hewa nayo ni sehemu ya matayarisho. Joto la sakafu, si la hewa pekee, linapaswa kuwa angalau nyuzi 3 za Selsiasi juu ya kiwango ambacho mvuke hugeuka umande. Watengenezaji wengi hukataza pia kupaka unyevu wa hewa unapozidi asilimia 85. Asubuhi ya Julai jijini Nairobi, zege huwa baridi na umande usioonekana huweza kutanda juu yake. Epoksi iliyopakwa katika hali hiyo hufanya utando mweupe unaoteleza kama nta, na tabaka la pili halishiki juu ya utando huo. Januari na Februari, kabla ya mvua za masika, hutoa nafasi bora katika sehemu nyingi za nchi. Mwambaoni, ambako hewa ina unyevu mwingi, kipimo huhitajika kila siku ya kazi.

Saa ya kupaka huteuliwa vilevile. Jua la asubuhi linapolipasha zege joto, hewa iliyo ndani ya vitundu hutanuka na kutoka nje, na kila kipovu huacha tundu katika rangi. Alasiri, joto linapoanza kushuka, zege huivuta epoksi ndani badala ya kuisukuma. Kwa sababu hiyohiyo hupakwa kwanza tabaka jepesi la kuziba vitundu, na rangi yenyewe hufuata katika muda uliotajwa mkebeni.

Usalama wa Fundi na Suala la Lugha

Katika kazi hii yote, anayehatarika zaidi ni fundi na wasaidizi wake. Mchanga wa zege una silika, na mashine inapousaga hutoa vumbi laini kiasi cha kutoonekana. Vumbi hilo huingia hadi ndani kabisa ya mapafu na kuyafanyia makovu yasiyopona. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Mwaka wa 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka silika ya fuwele miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Leso iliyofungwa puani haizuii vumbi hilo. Huhitajika barakoa maalumu ya kuchujia chembe laini, iliyobana uso barabara, pamoja na mashine inayofyonza vumbi pale linapotokea. Penye asidi huongezwa miwani ya kinga, glavu ndefu, gambuti na milango iliyo wazi. Epoksi yenyewe, kabla ya kuganda, huweza kuifanya ngozi ipate mzio ambao humrudia mtu kila anapoigusa, hata kiasi kidogo, maisha yake yote.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maelezo na mafunzo yanayohitajika kwa usalama wao. Hapa ndipo lugha inapoingia. Maelezo yaliyobandikwa kwenye mikebe mingi huwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, ilhali maagizo katika eneo la ujenzi hutolewa kwa Kiswahili au kwa lugha za mama. Kipimo cha mchanganyiko kikisomwa visivyo, rangi haigandi. Onyo la asidi lisiposomeka, jicho hupotea. Katiba ya mwaka wa 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi; nafasi hiyo haitimii ikiwa lugha itaishia bungeni na darasani pasipo kufika kwenye mkebe wa rangi. Maneno ya kufanyia kazi hiyo hayajakosekana. Sakifu, siliba, shindilia, paruza, niru, mwiko na msasa yamo tayari vinywani mwa mafundi, na machache ya kemia yanaweza kusanifishwa kando yake.

Hitimisho

Imebainika kwamba sakafu ya gereji haitayarishwi kwa kufagiliwa na kuoshwa tu. Huulizwa umri wake, hugongwa isikike, hutiwa matone ionekane inavyonywa, na hufunikwa plastiki ili ifichue maji iliyoyaficha. Mafuta hutoka kwanza, ngozi dhaifu hufuata, kisha nyufa huzibwa na vumbi huondolewa, na mwishowe husubiriwa siku na saa inayofaa. Kila hatua huitegemea iliyoitangulia, na ikirukwa moja, zilizobaki haziwezi kuifidia.

Mwenye nyumba anayemwita fundi kwa kazi hii angefanya vyema kuuliza maswali mawili kabla ya kuuliza bei: sakafu itapimwaje unyevu, na itaparuzwa kwa kitu gani? Fundi mwenye majibu anastahili malipo ya siku anazozitumia kabla ya mkebe kufunguliwa, pamoja na barakoa ya kumlinda katika siku hizo.